Mwalimu wa Mifupa na Mapacha Wangu

Uvumilivu wangu uliisha siku Madame, muuguzi Mzungu wa dispansari, alipochukua makasi na kukata shanga za watoto wangu. Alipokata za kwanza nilinyamaza, kama tulivyofundishwa kunyamaza. Alipokata za pili, akazitupa zote pamoja ndani ya ndoo ya pamba chafu na kusema, "Mambo ya kishenzi apa hapana," nikainuka kwenye benchi.

Shanga zile hazikuwa dawa wala uchawi. Furaha nilimfunga nyekundu mkononi, Sifa nilimfunga za buluu, basi. Walikuwa mapacha wa sura moja, bado wananyonya, hata kukaa walikuwa hawajui. Mimi mama yao sikuhitaji shanga. Nilizifunga kwa ajili ya watu wengine, na zaidi ya wote kwa ajili ya Madame huyo huyo, kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo Sifa alichomwa sindano ya penisilini akavimba uso, ngozi ikajaa mabaka, pumzi ikakwama mpaka nikadhani ndiyo mwisho wake. Alipopona daktari alisema wazi: huyu asichomwe tena dawa hii, itamuua. Sasa wote wawili walikuwa na kikohozi kimoja na homa moja, na wa kuchomwa alikuwa Furaha peke yake.

Walilazwa uchi juu ya meza, kila mmoja akilia kwa sauti ya mwenzake. Madame alikuwa na sindano mkononi.

"Furaha iko wapi?"

Nilimjibu kwa Kifaransa kwamba Furaha ni yule wa upande wa dirisha. Nilisoma sekondari kwa masista, Kifaransa changu hakina aibu. Madame hakuniangalia hata kidogo. Alimwangalia jirani yangu, mzee aliyenisaidia kumbeba mtoto mmoja kutoka nyumbani, amesimama pale na tai yake shingoni na kofia yake mkononi.

"Weye, mwalimu. Furaha njo nani?"

Naye, haraka, kama mwanafunzi aliyeitwa jina: "Huyu, Madame." Akamwonyesha Sifa.

Nikamshika Madame mkono wenye sindano.

Kama uliishi Bukavu miaka ile ya ukoloni unajua maana ya mwanamke mweusi kumshika Mzungu mkono. Mama waliokuwa kwenye mstari waliwavuta watoto wao nyuma. Nitarudi kwenye mkono ule. Kwanza niseme habari za mzee huyu, maana mtu akisikia hapo tu atamwita mjinga, na mjinga hakuwa. Nilimkasirikia siku ile. Nilikuwa nimempenda tangu aliponifundisha, na sikuacha.

Watu wa Kadutu, mtaa wetu, walimwita Mwalimu wa Mifupa, na walimtambua kwa pua kabla ya macho. Alikuja kufundisha sayansi shuleni kwetu nilipokuwa msichana, na nilipoolewa nikakuta nyumba niliyopelekwa imepakana ukuta na yake. Mume wangu, shofa wa kamiyo, yaani dereva wa lori, alinionya njiani: "Jirani muzuri sana. Shida yake moja tu, anaozesha samaki."

Nilidhani anatania. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nikakutana na makopo ya maziwa ya unga yaliyopangwa juu ya ukuta wetu, yamejaa maji, na ndani ya kila moja samaki mmoja analegea. Aliwaacha mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Wale wadogo sana aliwazika karibu na kichuguu, ili sisimizi na siafu wamsafishie. Nguo zangu zilikauka kwenye harufu hiyo. Mama mkwe wangu alipotoka Walungu kuja kututembelea, yeye ambaye kwao ni watu wa ng'ombe, samaki hawamgusi, alilala kwetu usiku mmoja akasema nimeolewa jalalani.

Nilikwenda kumgombeza mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

"Papa Mwalimu, leo bwana yangu amekataa kula kwa sababu ya makopo yako!"

"Maman, unisamehe. Ngoja upepo ubadilike."

"Upepo haubadilike, makopo njo yabadilike!"

"Basi nitayaweka upande wa choo."

Aliyaweka upande wa choo, na baada ya siku chache yalikuwa yamerudi ukutani, kwa sababu huko chooni, alisema, jua halifiki vizuri. Hakubishana hata mara moja. Alikubali kosa lake, akaomba radhi, akaendelea.

Alichokuwa anatafuta kilikuwa hiki. Ziwani kwetu kuna visamaki vya kwenye mawe, vile wanawake wa Kalehe wanavyovileta kwa mitumbwi na kuuza kwa fungu. Kwa macho ya kila mtu ni samaki wa aina moja: kiganja cha mtoto, magamba ya majivu, jicho kubwa. Mwalimu alisema ni ndugu wengi wanaovaa nguo moja. Chini kabisa ya koo la kila kimoja kuna mfupa wa pembe tatu, mdogo kama ukucha, umeota meno. Ndiyo, meno kooni. Alikuwa akiutoa kwa kikoleo cha kung'olea nyusi, akaukausha, akaubandika kwenye kipande cha katoni kwa gundi ya muhogo. Kisha alikuita, umeosha vyombo ama hujaosha, ukaangalie kwa lenzi.

Na kweli, ukiangalia, unaona. Mmoja ana meno membamba kama sindano, huyo anakula wadudu. Mwingine mfupa wake ni mpana, meno yake yamepigwa bapa kama magego ya bibi, huyo anavunja konokono. Hao ni rahisi. Kazi ilikuwa kwa wale wanaokaribiana, wawili wenye meno membamba wote, ambapo tofauti ni jinsi mabawa ya mfupa yanavyofunguka, au jino la nyuma lilivyopinda. Kwa hao alikaa siku nzima, lenzi jichoni, mdomo wazi, mvua ikimnyeshea mgongoni bila yeye kujua.

"Sura ni uniforme ya shule," alipenda kusema. "Wote mumevaa bleu na nyeupe. Sasa miye nitajua nani muvivu?"

Na neno lake kubwa, lile alilotupigia mezani kwa rula tangu tukiwa wasichana, lilikuwa: "Gusa kwanza, sema nyuma." Ukimwambia huyu samaki ni wa aina fulani, anakuuliza: "Umegusa mufupa?" Hujagusa, basi nyamaza.

Njia hiyo alifundishwa na padri mmoja aliyetoka nchi ya pwani, huko Ulaya. Padri alimwachia samaki mpana mkavu, bapa kama chapati kubwa, mwenye mkia kama mjeledi. Kwa Kifaransa anaitwa raie, kwa Kiswahili cha pwani taa. Alimtundika darasani juu ya ubao, na sisi tuliotoka Kabare na Katana, ambao bahari hatujaiona hata kwenye ndoto, tulimwogopa. Siku moja Mwalimu alimshusha akamshikilia dirishani, mwanga ukapita puani. Ndani ya pua tukaona kijiti, kama mfupa lakini si mfupa, ni gegedu, kwa sababu samaki huyo mifupa migumu hana. Alisema huko baharini wako wawili wanaofanana kabisa mgongoni, rangi moja, miiba mahali pamoja, na wavuvi wanawatia kwenye kikapu kimoja. Lakini kwa mmoja kijiti cha pua ni kinene na kigumu mpaka ncha, na kwa mwenzake kinasinyaa njiani, pua inapindika ukiisukuma kwa kidole.

"Padri alifunga macho," Mwalimu alituambia, "akasukuma pua, akasema huyu njo fulani. Hata siku moja hakukosea."

Tulipanga foleni kusukuma pua. Mpaka leo nikisikia mtu anasema bahari, mimi kidole changu ndicho kinachokumbuka.

Sasa sikia mambo yake mengine, uone mtu alivyo. Samaki hakuwala. Alikula maharage na sombe, majani ya muhogo, na ukimpelekea samaki wa kukaanga alishukuru kwa heshima, akafukua mifupa, nyama akampa paka. Ziwa lenyewe alikuwa analiogopa. Miaka yote aliyowachunguza viumbe wake hakuwahi kukanyaga ndani ya mtumbwi. Wanawake wa Kalehe walimcheka sokoni: "Papa, kuya tukupeleke ukasalimie jamaa yako!" Alirudi nyuma hatua nzima, kana kwamba maji yatapanda mlima mpaka Kadutu.

Na huyu mtu wa sura-ni-uniforme alimhukumu mwanadamu kwa viatu. Kijana akija na viatu vichafu kuomba kazi ya kumsaidia, hata salamu hakumaliza.

"Papa, na umeshamugusa mufupa?" nilimuuliza siku moja.

Alicheka mpaka tai ikamgeukia begani. Yule wa viatu vichafu hakumwita tena hata hivyo.

Jambo nililomheshimia kuliko yote lilitokea darasani. Alitufundisha kwamba visamaki fulani viwili ni aina mbili, kwa sababu kimoja kina njano mwisho wa pezi na kingine hakina. Tulichora, tukapaka rangi, tukapewa alama. Juma lililofuata aliingia bila kusalimia akaandika ubaoni, herufi kubwa: NILIKOSEA. Alikuwa amechemsha vichwa akakuta mfupa wa kooni ni mmoja. Ile njano ni dume tu anayejipamba, yule mwingine ni jike lake. Alituambia tuchane michoro. Sista mkuu alikuwa mlangoni, uso umemwiva.

"Moniteur," alisema, kwani ndivyo walivyowaita walimu weusi, "hayo hayasemwi mbele ya watoto."

"Ma Sœur, uongo niliusema mbele yao. Nikasahihishe wapi, sakristia?"

Tulicheka chini ya madawati. Nilikuwa msichana mkaidi, nisiyependa kuambiwa, lakini siku hiyo nilifikiri: mwanamume anaweza kusema hivyo na asife.

Palikuwa na ugonjwa mmoja ndani yake, na huo ninausema kwa sababu bila huo hutaelewa kilichotokea mezani kwa Madame. Mwalimu hakuweza kumchelewesha Mzungu jibu. Alilelewa misheni, akapigwa fimbo kwa kukaa kimya alipoulizwa, maana kimya cha mtoto mweusi waliita kiburi. Inspekta akija darasani akauliza lolote, Mwalimu alijibu kabla swali halijafika mwisho, na mara nyingine alijibu swali ambalo halikuulizwa. Mbele yetu alikuwa mtu wa kugusa. Mbele yao alikuwa mtu wa kusema.

Mapacha walipozaliwa nilizalia Walungu kwa mama mkwe, na Sifa, aliyefuata, alikuja vibaya. Ilibidi avutwe mkono, na mtulinga ukavunjika, ule mfupa wa kati ya shingo na bega. Tuliporudi Bukavu Madame mwenyewe alimfunga mkono kifuani kwa bandeji, na alifanya vizuri, siwezi kusema vingine. Mfupa uliunga, ukaacha kinundu kama punje ya mahindi chini ya ngozi.

Mwalimu alifurahi na kinundu kile kuliko na watoto wenyewe. Kwa sura hakuwatofautisha hata mara moja. Aliwaita wote Mapasa, yaani mapacha. Lakini alikuwa akija jioni, ananawa mikono kwa sabuni kwa sababu nilimlazimisha, ananyoosha kidole gumba, anapapasa bega la mtoto, halafu anainama: "Bonsoir, Sifa." Au kama hakuna kitu: "Ah. Bonsoir, Furaha."

"Batoto bangu si samaki yako, Papa."

"Najua, Maman. Samaki hawanikojoleagi."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Ndiyo sababu siku ile ya homa, mume wangu akiwa safarini, nilimgongea ukuta, naye akatoka amekwisha kufunga tai. Tuliteremka wote, yeye na mtoto mmoja, mimi na mwingine.

Turudi mezani.

Nimeshika mkono wa Madame. Sindano iko hewani. Madame amekuwa mwekundu mpaka shingoni, ananiambia kwa Kiswahili chake cha amri niachie, ataita polisi. Mimi ninapiga kelele kwa Kifaransa kwamba huyo ni Sifa, Sifa, Sifa, akichomwa atakufa. Naye ananijibu, "Mwalimu anasema huyu njo Furaha. Weye nyamaza, unachanganya batoto."

Mimi! Niliyewabeba tumboni, ninayejua katikati ya giza nani ananyonya kwa pupa na nani anauma! Mwanamume asiyewajua ametaja jina, na kwa Madame habari imekwisha.

Sijui Mwalimu aliona nini usoni mwangu. Nilimsikia tu akisema, "Pardon, Madame," na akaweka kofia yake chini sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Alinyoosha kidole gumba. Alimpapasa yule aliyemwonyesha, bega la kushoto, akabaki hapo. Kisha akampapasa mwingine. Kisha akarudi kwa wa kwanza.

"Nimekosea," alisema. Alisema kwa sauti ya darasani, mstari wote ukasikia. "Huyu ni Sifa. Nilisema mbele ya kugusa. Mama yao alishasema kweli, tangu mwanzo, na miye nilimupinga."

"Mwalimu, unajuaje sasa?"

"Madame, weka kidole apa. Clavicule, mutulinga. Ni weye mwenyewe uliyemufunga huu mufupa."

Nikauachia mkono wake. Madame aliweka sindano kando, akaweka kidole. Rangi ilimtoka pole pole, kuanzia kwenye paji la uso. Alimchukua yule wa upande wa dirisha, yule niliyemwambia tangu mwanzo, akamchoma, akamrudisha kwangu bila kuniangalia. Kisha akasema, akinawa mikono, na hili sitalisahau: "Mwalimu, una akili. Merci."

Akamshukuru yeye!

Njia nzima ya kupanda Kadutu nilitangulia mbele na Sifa. Mwalimu alitembea nyuma yangu na Furaha. Mlangoni alinirudishia mtoto, akaingia kwake, na nilimsikia akiteremsha makopo ukutani moja moja. Nadhani alitaka kunipa zawadi. Kwa hasira niliyokuwa nayo nilimfokea juu ya ukuta ayarudishe, kwa sababu sikutaka aniombe radhi kwa makopo.

Haukupita muda akaacha kazi ya shule, macho yalikuwa yamechoka, akahamia upande wa Katana kwa mpwa wake, nyumba ya juu inayoliona ziwa kwa mbali, kama alivyopenda kuliona. Mimi nilikuwa bado ninaichemsha hasira yangu. Watu wote waliniambia niache. Mume wangu alisema nishukuru mtoto yuko hai. Nilishukuru. Kushukuru hakukuniondolea hasira. Kila juma nilirudi dispansari ile ile, na kila juma mama fulani aliulizwa jambo la mtoto wake, akajibu, na swali likapelekwa kwa mwanamume aliyesimama nyuma yake.

Nilipanda kamiyo na watoto wote wawili mpaka Katana kumuuliza kama atanitolea ushahidi nikimshtaki Madame. Nilimkuta kibarazani, lenzi jichoni, kopo moja tu miguuni. Mpwa wake hakuruhusu zaidi.

"Ah, Mapasa," alisema, akanyoosha mikono.

Nilimpa mmoja, sikumwambia nani. Kidole gumba kikaenda begani. Kikatafuta, kikarudi nyuma, kikatafuta tena. Alichukua muda mrefu sana.

"Mufupa unajitengeneza, Maman," alisema mwisho. "Kinundu kinaisha. Huyu ni Sifa, lakini ni kidogo sana sasa. Mukirudi tena sitamujua."

"Basi itabidi ujifunze sura, Papa."

"Katika uzee huu?"

"Katika uzee huu. Angalia. Sifa anakunja nyusi akitaka kucheka. Furaha anafungua mdomo kwanza. Kila mutu anaweza kuona, akitaka."

Aliondoa lenzi. Alimwangalia Sifa kama alivyokuwa akiangalia mfupa, mdomo wazi, mpaka mtoto akakunja nyusi, na kweli akacheka. Mzee naye machozi yalimtoka, akasingizia jua.

Nilimsomea mashtaka niliyokuwa nimeyaandika. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Iko kosa," alisema.

"Wapi?"

"Umeniandika shahidi. Madame alikosea kwa sababu yangu. Unishtaki na miye."

"Papa, weye ulishasema umekosea. Mbele ya watu wote."

"Vizuri. Basi andika na hilo."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyoonana. Niliiandika upya karatasi yangu kwenye kamiyo, magotini, mtoto kila upande, na kesho yake nikaipeleka ofisi ya cité, mtaa wa watu weusi. Karani aliisoma akainama kuninong'oneza, "Maman, Mzungu hashitakiwi hivi." Nikamwambia agonge muhuri. Aligonga. Niliandika kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Mimi, mama wa mapacha Furaha na Sifa, mkazi wa Kadutu, ninawashitaki watu wawili.

Wa kwanza ni Madame wa dispansari. Alikata shanga nilizozifunga ili yeye asikosee, kisha akakaribia kukosea. Aliuliza mtoto wangu ni yupi, nikamjibu, akaenda kumuuliza mwingine. Nilipokataa, aliniambia ninachanganya watoto. Ninaomba shanga zirudi mikononi mwa watoto wote wanaofungwa na mama zao, na mama akiulizwa, jibu lake lisikilizwe kabla ya kutafuta jibu lingine.

Wa pili ni jirani yangu, mwalimu, aliyetaja jina bila kugusa mfupa. Ameniomba mwenyewe nimshitaki. Huyu alikwisha kusema amekosea, papo hapo, mbele ya mstari mzima, kofia yake ikiwa sakafuni. Simdai kitu zaidi.

Ninamngoja Madame."